Shangazi, kila makala ninayosoma nakubaliana nayo, nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie maana hili jambo nimelibeba muda na nikiwaambia marafiki wanacheka. Mimi ni mtu mzima, nina kazi na familia, mwaka huu nimerudi kusoma, nimejiandikisha kozi moja ya onlaini ya kusoma na kuandika na sasa hivi tuko kwenye maandishi yasiyo ya kubuni, yaani makala, tahariri, hotuba, matangazo, tawasifu, mambo kama hayo. Riwaya na mashairi nilipita bila shida, huku ndo nimekwama.

Tumepewa istilahi za kukariri, kuna dai, hoja, ushahidi, lengo, hadhira, toni, upendeleo, hoja pinzani na zingine, nimezikariri zote, hata ukiniamsha usiku wa manane nakutajia maana zake. Shida inakuja nikipewa makala yenyewe. Naisoma, naielewa vizuri tu, naandika jibu refu, alafu mwalimu anarudisha kaandika pembeni "umefupisha, hujachambua". Nikamuuliza tofauti ni nini akaniambia nirudie notisi. Sa notisi si ndo hizo hizo nimekariri jamani?

Kingine, na hiki ndo kinaniuma zaidi, ni kwamba kila ninachosoma nakubaliana nacho. Juzi tumepewa makala mbili, ya kwanza inasema watoto wasipewe simu kabisa, nikasoma nikasema kweli kabisa huyu kanena, nikaenda ya pili inasema kuwanyima simu ndo kuwaharibu, nikasema na huyu naye ana pointi. Mume wangu kanibatiza jina, bendera fuata upepo, na mimi nimeanza kuamini labda kichwa changu hakina uzito.

La mwisho dogo tu. Kwenye tawasifu tuliyosoma mwandishi kaandika maongezi ya mama yake na jirani neno kwa neno, na anasema wakati huo yeye alikuwa na miaka minne. Mtoto wa miaka minne anakumbukaje yote hayo? Hiyo bado inaitwa isiyo ya kubuni kweli?

Ni mimi, Bendera

*

Marahaba mwanangu,

Mumeo mwambie apunguze majina. Mtu anayeandika makala ya kushawishi amekaa chini, kachagua maneno, kapanga lipi lianze na lipi lifichwe, yote hayo ili wewe ukimaliza kusoma useme "kweli kabisa". Ukisema hivyo maana yake kazi yake kaifanya vizuri, sio kwamba wewe huna akili. Kinachokosekana ni kuona alivyoifanya.

Na hapo ndo jibu la mwalimu wako lilipo, yuko sahihi ila kakubania maneno. Kufupisha ni kueleza makala inasema nini. Kuchambua ni kueleza kila sehemu ya makala imewekwa pale ifanye kazi gani. Hizo istilahi zako zote ni majina ya kazi. Mbele ya sentensi usijiulize "dai maana yake nini", jiulize "hii sentensi inamfanyia nini huyu mwandishi, akiitoa atapungukiwa na nini?" Basi, ukijizoesha hilo swali moja hayo mengine yanakuja yenyewe.

Tujaribu. Nakutungia kiaya kidogo cha hiyo mada yenu ya simu:

"Watoto wa siku hizi hawasomi vitabu. Tangu simu zienee, umakini wao darasani umeporomoka. Jirani yangu alimnyang'anya mwanawe simu na ndani ya muhula mmoja akapanda hadi kumi bora. Mzazi yeyote anayemjali mwanawe hatampa simu kabla ya miaka 16."

Wewe ungeandika mwandishi anasema simu zinaharibu masomo ya watoto na wasipewe kabla ya miaka 16. Sawa, hujakosea, ila umefupisha. Sasa twende na kazi. Sentensi ya mwisho ndo dai kuu, lile jambo anataka ukubali au ufanye, na hapa ni dai la kutaka hatua ichukuliwe. Madai mengine huwa ya kusema jambo liko hivi, mengine ya kusema jambo ni zuri au baya, na ni muhimu ujue lipi ni lipi kwa sababu kila aina inadai ushahidi wake. Sentensi ya kwanza nayo ni dai, lile la kusema jambo liko hivi, ila limetupwa hapo kama kitu kinachojulikana na kila mtu, hakuna idadi, hakuna chanzo, na wewe msomaji unalipita mbio maana umeshalisikia mara nyingi. La jirani ni kisa. Visa vinanoga na vinakaa kichwani kuliko takwimu, mimi mwenyewe navipenda, lakini kisa cha mtoto mmoja kinaonyesha kwamba jambo limewahi kutokea, hakionyeshi kwamba ndo huwa linatokea. Na huyo mtoto labda mwaka huo alibadilishiwa mwalimu, nani ajuaye.

"Tangu simu zienee" angalia ilivyo janja. Haijasema simu zimesababisha, imeweka vitu viwili vifuatane kwa wakati na wewe mwenyewe ukaviunganisha. Jambo kuja baada ya lingine sio lazima liwe limesababishwa nalo, hili kosa ni kongwe kiasi kwamba lina jina lake la Kilatini na bado linatupata kila siku.

Alafu "mzazi yeyote anayemjali mwanawe". Hapo ushahidi hamna kabisa, kilichopo ni mtego, ukipinga tu umeshajitangaza kuwa humjali mwanao. Watu wengi wanasoma ile sentensi wanahisi kitu kimewabana kifuani na wanadhani wameshawishika kwa hoja, kumbe wamebanwa tu.

Sasa kuna kitu kimoja hakimo kwenye aya na ndicho kinachoishikilia yote. Kutoka "umakini umeporomoka" hadi "wasipewe simu kabla ya 16" lazima kwanza ukubali kwamba dawa ya kitu kinachosumbua ni kukiondoa, wala sio kumfundisha mtoto kukitumia. Mwandishi hajalisema, kalidhania. Mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, mwaka 1958 aliliwekea jambo hili utaratibu, akasema katikati ya ushahidi na dai kuna kiungo kinachofanya ushahidi uhesabike, na mara nyingi hakitajwi. Kwenye notisi zako labda kinaitwa dhanio. Mimi nikiambiwa nichague istilahi moja tu ya kumfundisha mtu nitachagua hii, maana makala mbili zinazopingana mara nyingi ushahidi wao haugombani kabisa, ugomvi uko kwenye dhanio. Rudi kwenye zile makala zenu mbili uone, nadhani utakuta mmoja anaamini mtoto ni wa kulindwa na mwenzake anaamini mtoto ni wa kuzoeshwa, na hilo swali hakuna hata mmoja wao aliyelijadili. Ndo maana ulikubali zote mbili.

Tofauti ya ukweli na maoni sitaikawiza, unaijua, kimoja kinaweza kwenda kuhakikishwa na kingine hakiwezi. Niongeze tu kwamba "ukweli" kwenye kuchambua haimaanishi lazima kiwe sahihi, maana yake ni kwamba kinaweza kupimwa, na kikipimwa kinaweza kukutwa ni uongo.

Haya, sasa nikupe mfano wa kweli, mimi naupenda sana kwa sababu karibu istilahi zako zote zimo ndani yake. Tarehe 4 Januari 1954 kampuni za sigara za Marekani zilichapisha tangazo kwenye magazeti zaidi ya 400 kwa mpigo, zikaliita tamko la wazi kwa wavuta sigara. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba tangu 1950 tafiti za Uingereza na Marekani zilikuwa zimeanza kuonyesha wagonjwa wa saratani ya mapafu wengi wao ni wavutaji, alafu 1953 likaja jaribio la kupaka lami ya moshi wa sigara kwenye ngozi za panya, panya wakaota uvimbe, magazeti yakalipuka. Sasa unaandika nini kama wewe ndo unauza sigara?

Lengo lao ungedhani ni kuthibitisha sigara ni salama. Hapana, wangetaka hivyo wangehitaji ushahidi na hawakuwa nao. Lengo lilikuwa dogo zaidi, mvutaji aone suala bado halijaamuliwa, maana mtu mwenye mashaka anaendelea na alichozoea. Hadhira ndo hiyo, mvutaji mwenye hofu, hawakuwa wanaongea na madaktari. Ukishajua hadhira unaelewa kwa nini tangazo linaanza na panya. Panya anakufanya useme moyoni "lakini mimi sio panya". Zile tafiti za wagonjwa, watu kabisa, zinakuja chini huko zikiwa zimeitwa takwimu zinazodaiwa kuhusisha sigara na ugonjwa, na wanasema takwimu kama hizo zingeweza kulaumu mambo mengine mengi tu ya maisha ya kisasa. Umeona? Hawajaficha hoja pinzani, wameitaja, ila wameitanguliza iliyo rahisi kuikwepa na ile nzito wameipunguzia uzito kwa neno moja, "zinazodaiwa". Kwa hiyo ukiulizwa kama mwandishi ameshughulikia hoja pinzani usijibu ndio au hapana ukaishia hapo, sema ameshughulikia ipi, na kama ameieleza kama wapinzani wake wenyewe wangeieleza.

Toni yao sasa. Hakuna hasira hata chembe. Wanasema wale watafiti ni madaktari wenye heshima zao, wanasema utafiti wowote wa maana haufai kupuuzwa, wanasema afya ya watu kwao ni jukumu la msingi linalotangulia mambo mengine yote ya biashara yao. Ni sauti ya mtu mzima mstaarabu asiye na haraka. Toni hiyo inafanya kazi ya kuaminika. Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema msemaji ana njia tatu za kushawishi, kuonekana yeye mwenyewe ni mtu wa kuaminika, kugusa hisia za wasikilizaji, na kutumia mantiki ya hoja zenyewe. Watu wanaposoma hizi tatu wanadhani mantiki ndo mwanaume na hizo mbili ni ujanja, mimi sikubaliani, daktari akikuambia kitu unamwamini kwa sababu ni daktari na hamna ubaya hapo. Shida inakuja pale kuaminika kunapotumika kujaza nafasi ya ushahidi ambao haupo, na kwenye lile tangazo ndicho kilichofanyika, "wataalamu mashuhuri" wanatajwa bila jina hata moja.

Alafu soma kwa makini hii: "Tunaamini bidhaa tunazotengeneza hazidhuru afya." Toa neno "tunaamini" uone kinachotokea. Bila hilo neno ni dai la kupimwa, unaweza kwenda maabara ukalikanusha. Ukilirudisha inakuwa ni taarifa ya wanachoamini, na utamkanushaje mtu imani yake? Neno moja tu limewatoa kwenye hatari. Kuna na lingine, "hakuna uthibitisho" kwamba sigara ni mojawapo ya visababishi. Kukosekana kwa uthibitisho kamili kumegeuzwa kuwa kama uthibitisho wa usalama, japo hawajasema hivyo, wewe ndo umesema kichwani mwako. Na chini kidogo wanakukumbusha kwamba kwa zaidi ya miaka 300 tumbaku imewapa binadamu faraja, na lawama zote za huko nyuma ziliachwa moja moja kwa kukosa ushahidi. Hisia na historia kwenye fungu moja, safi kabisa kama ufundi, siwezi kuwanyima hiyo sifa.

Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akatoa ripoti kusema kuvuta sigara kunasababisha saratani ya mapafu kwa wanaume, na 2006 jaji wa mahakama ya shirikisho huko huko akaamua kampuni hizo zilidanganya umma kwa miongo mingi. Lakini nataka uone kitu, uchambuzi wote tuliofanya hapo juu ungeweza kuufanya Januari 1954 ukiwa na gazeti tu mkononi. Usingejua sigara inaua, ungejua tu kwamba hawa watu hawajakupa ushahidi na kwamba sentensi zao zimeandikwa kwa namna ya kutokanushika, na kwa msomaji hilo linatosha kufunga pochi.

Neno upendeleo nalo watu wanalitumia vibaya, wanalitumia kama tusi. Kila mwandishi ana upande, hata mimi hapa. Kuwa na upande sio kusema uongo, na mtu asiye na upande anaweza kukosea vibaya sana. Ukiandika "mwandishi ana upendeleo" ukaweka nukta, hujasema kitu. Onyesha umejitokeza wapi, kwenye neno gani alilochagua badala ya lingine, kwenye chanzo gani alichokiacha, na nani anafaidika wewe ukikubali.

Sasa jibu lako la mtihani lionekaneje. Usiandike "mwandishi anatoa mfano wa jirani yake." Andika kitu kama, mwandishi anategemea kisa kimoja cha jirani kuthibitisha dai linalowahusu watoto wote, kisa kinagusa mzazi kwa sababu kinampa picha ya mwanawe akifaulu, lakini hakionyeshi kwamba kuondolewa simu ndiko kulikoleta matokeo. Hayo maneno machache yamebeba ushahidi, dai, hadhira na udhaifu wa hoja na wala istilahi zote sijazitaja. Wengine wanafikiri wakizimwaga zote kwenye aya moja watapata maksi, wapi! Nyingi zinafanya mwalimu ashuku huzijui.

Tahadhari moja kabla sijasahau, kejeli. Mwaka 1729 Jonathan Swift aliandika kijitabu akipendekeza, kwa toni ile ile ya utaratibu na mahesabu, kwamba maskini wa Ireland wauze watoto wao wachanga waliwe na matajiri. Ukichukua dai lake kama lilivyo umepotea, alichokuwa anashambulia ni watawala na wenye mashamba walioongea kuhusu maskini kama mifugo. Dalili ni pale toni inapokuwa tulivu kupita kiasi kwa jambo la kutisha. Ukiona hivyo simama, usiandike lolote mpaka ujue mwandishi mwenyewe kasimama wapi.

Na lile swali lako uliloliita dogo, dogo sio. Tawasifu ni ya kweli kwa maana kwamba mwandishi ameahidi mambo haya yalitokea na watu hawa walikuwepo. Hakuahidi kinasa sauti. Maongezi ya neno kwa neno ya utotoni karibu siku zote yamejengwa upya, kwa kumbukumbu, kwa kusimuliwa na ndugu, na kwa kumjua mama yake alivyokuwa akiongea, na wasomaji wengi wanaliruhusu hilo maadamu kiini hakijatungwa. Ila wewe kwa kuwa unachambua, tenganisha watu wawili waliomo kwenye hiyo "mimi", kuna mtoto wa miaka minne aliyekuwepo na kuna mtu mzima anayesimulia, na maneno hayo ni ya mtu mzima. Kisha rudi kwenye swali letu, yale maongezi yanamfanyia nini? Kama ukurasa wa mbele anakuja kudai mama yake alidhulumiwa na majirani, basi yale maongezi sio pambo, ndo ushahidi wake, na ni ushahidi unaotokana na shahidi mmoja aliyekuwa na miaka minne. Hilo liandike, halimfanyi muongo. Angalia pia kurasa za mwanzo kabisa, waandishi wengi huweka maelezo kwamba maongezi yamejengwa upya au majina yamebadilishwa. Ukikuta yapo yataje, na kama hamna, taja kwamba hamna.

Shangazi